Usikalie Kiti Unachopewa

Kule ninakofundisha, mtu akipigwa na mume au mkewe saa nne usiku, simu ya kwanza haiendi 112, namba ya dharura ya polisi. Inaenda kwa mjumbe wa nyumba kumi. Mjumbe asipopokea, mtoto anatumwa kumgongea mwenyekiti wa mtaa, au jirani anamtafuta yule polisi kata aliyeacha namba yake kwenye mkutano wa hadhara. Gari la kituo likija, na mara nyingi jibu ni kwamba mafuta hakuna, linakuta watu watatu wanne wameshaingia ndani, kila mmoja ameshasema lake, na panga limeshahamishwa na mtu ambaye hakumbuki amelipeleka wapi. Ndiyo maana nilipostaafu upolisi, baada ya miaka mingi kwenye dawati la jinsia na watoto, na nikaanza kualikwa kuendesha mafunzo huku Kanda ya Ziwa, kitu ninachoomba kabla ya posho ni orodha ya washiriki. Nikikuta ni askari watupu, narudisha orodha.

Nataka wajumbe, wenyeviti, mtendaji, mgambo, muuguzi wa zahanati, afisa ustawi kama yupo, na sungusungu, ambao walizaliwa huku huku Usukumani miaka ya 1980 kwa ajili ya wezi wa ng'ombe lakini leo wanaitwa kwa kila kelele ya usiku. Nawaweka darasa moja na askari. Siku ya kwanza wanakaa makundi makundi, wazee upande wao, sare upande wao. Chakula cha mchana huwa kinawachanganya.

Ninachowafundisha kinasemeka kwa pumzi moja: usiku ule hujaenda kusuluhisha. Kukifanya ndiko kugumu, kwa sababu kila kitu katika malezi yetu kinamvuta mtu huko. Ukoo una kikao chake, kanisa lina kamati yake ya ndoa, shehe ana lake la kusema, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yenyewe inataka wanandoa wapite kwenye baraza la usuluhishi kabla mahakama haijaivunja ndoa. Mzee aliyekuwa mjumbe tangu enzi za chama kimoja amepatanisha nyumba zaidi ya anazoweza kuzihesabu, na heshima yake mtaani imejengwa kwa kazi hiyo. Ukimwambia aache, anasikia unamvua kanzu.

Basi namwonyesha kwamba ni sheria ile ile. Kifungu cha 66 kinasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata mila iseme nini. Wazee hawashangazwi na maneno yenyewe. Wanashangazwa na mwaka. "Mwalimu, hiyo si ya hawa wa haki za wanawake? Ni ya Nyerere?" Ndiyo, mzee wangu, ni ya wakati wa Nyerere. Kimya kinachofuata huwa nakipenda. Halafu askari nao nawageukia: baraza la usuluhishi ni la ndoa inayotaka kuvunjika, lina siku yake na meza yake. Kumpasua mtu mdomo ni shambulio la kudhuru mwili, lipo kwenye Kanuni ya Adhabu kifungu cha 241, na hakuna mahali palipoandikwa "isipokuwa kama ni mkeo". Tanzania Bara hatuna sheria moja inayojitegemea ya ukatili wa majumbani kama wenzetu Kenya walivyopata yao mwaka 2015, lakini anayesema hana kifungu cha kumkamatia mtu hajatafuta.

Sheria inaisha kabla ya chai. Siku nzima iliyobaki ni igizo.

Namchagua mtu mwenye kipaji, na kila kundi lina wake, namwambia: wewe ni mume, umempiga mkeo sasa hivi, unasikia hodi. Maneno simpi. Katika kundi moja kazi hiyo aliichukua mwenyekiti wa kitongoji, mtu wa makamo, mfanyabiashara wa dagaa. Alifungua mlango ameshachomekea shati. "Karibuni, karibuni wakubwa. Poleni na usumbufu, majirani zetu hawa wana maneno mengi." Akavuta viti viwili, akavifuta kwa kiganja, akamtuma mtoto dukani akalete soda. Mke, aliyeigizwa na muuguzi wetu, alikuwa pembeni anapiga makelele, kitenge kimemfunguka, anautukana ukoo wa mume kuanzia kwa babu. Koplo na mjumbe wakaketi. Punde mume anawaeleza jinsi mama huyu alivyochelewa kurudi kutoka mnadani na watoto hawajala. Punde tena koplo anamgeukia mke: "Mama, hebu punguza sauti, tunaongea na mwenzio."

Nikasimamisha. Nikawaomba wote waliokuwa wanatazama waandike mstari mmoja kwenye karatasi: mkorofi ni nani? Karatasi nyingi zilimtaja mke. Walikuwa wameambiwa tangu mwanzo nani kampiga nani, na bado.

Hapo ndipo mafunzo yanapoanza kweli. Aliyepiga ameshatoa alichokuwa nacho, ametulia, ana akili ya kutafuta viti. Aliyepigwa damu bado inamchemka, mikono inatetemeka, anaongea mambo matano kwa wakati mmoja, na kama ni mtu wa kutukana atatukana. Ukiwapima kwa utulivu, utampa haki mwenye viti. Yule mwenyekiti wa dagaa alipoulizwa amejifunzia wapi kuigiza, alijibu, "Sikuigiza, mwalimu. Hivyo ndivyo wanavyonifanyia mimi nikienda."

Kwa hiyo tuna kanuni ambayo washiriki huikumbuka hata wakisahau vifungu vyote: usikalie kiti unachopewa. Ukishaketi umekuwa mgeni wa mwenye nyumba, na mgeni hamhoji mwenyeji wake. Soda ikifika, kikao kimefunguliwa rasmi. Wazee kanuni hii iliwatesa, maana kukataa kiti nyumbani kwa mtu ni utovu wa adabu, na mzee hawezi kuanza kukosa adabu uzeeni kwa sababu ya semina. Suluhisho alilileta mmoja wao. Anashika mgongo wa kiti, anasema, "Ahsante baba, nitakaa nikimaliza," kisha anabaki amesimama na mkono wake palepale. Hakuna aliyetukanwa, na hakuna aliyeketi. Nimeifundisha mbinu hiyo kila mahali tangu siku ile.

Kutenganisha watu nako kuna mambo yake. Mwongozo mmoja tulioletewa ulielekeza mmoja abaki sebuleni na mwingine apelekwe jikoni. Nyumba za wapi hizo? Watu wetu wengi wamepanga chumba kimoja kwenye nyumba ya vyumba sita, ukumbi wa katikati, choo uani. Ndani mna kitanda, kabati la vyombo, ndoo za maji, watoto wamelala chini ya chandarua na wengine wanajifanya wamelala. Jiko la mkaa liko mlangoni, na juu yake kuna sufuria la maji ya ugali yanayochemka. Jikoni ndipo mahali ambapo hutaki mtu yeyote aende: kuna kisu, kuna mchi, kuna yale maji. Kitu cha kwanza kufanya ukifika ni kuepua sufuria. Askari wanacheka nikisema hivyo, kisha wanaacha kucheka muuguzi anapowaeleza majeraha ya maji ya moto anayoyapokea.

Tunafanya hivi. Tochi inamulika mikono kabla ya nyuso. Nendeni wawili, aliye peke yake asiingie, asimame ukumbini, aite majirani kwa majina, agonge mabati, apige filimbi, kelele zenyewe huzima mengi. Mkishakuwa wawili, mmoja anamtoa mtuhumiwa nje, uani, na anamsimamisha akiwa ameupa mlango mgongo ili asimwone mwenzake wala kumkonyeza. Aliyeumizwa anabaki ndani na wa pili, mlango wazi. Wengi hupenda kufanya kinyume, wamtoe mwanamke. Wakimtoa, anazungukwa na mtaa mzima, nguo imechanika, aibu inamfunga mdomo. Simu yake, kadi za kliniki za watoto na pesa yake ya vikoba vyote vimebaki ndani na mtu aliyempiga. Akirudi havipo.

Kisha maswali. "Ulimfanyia nini?" limepigwa marufuku darasani kwangu, na ndugu yake "Mmegombania nini?" pia. Ugomvi una sababu zake na zitajulikana kituoni kwa wakati wake. Usiku huu ulizia mwili na usalama: umeumia wapi, nani mwingine yumo ndani, watoto wako wangapi na wako wapi, ana kitu gani mkononi au karibu. Watoto mtu awainamie, aseme nao chini kwa chini, asimfanye mtoto wa miaka minane kuwa shahidi mbele ya baba na mama. Wakubwa kidogo wapewe namba 116, ni ya watoto na haikati salio.

Somo ninalolipa muda kuliko yote ni la shingo.

Mwanamke ukimuuliza "Amekupiga?" anaweza kukujibu hapana, na hakudanganyi. Alikabwa, hakupigwa. Kwake ni vitu viwili. Askari anaangalia, haoni damu wala uvimbe, anaandika hakuna jeraha, anamwambia kesho aje kuchukua RB, namba ya taarifa yake kituoni. Katikati ya miaka ya 1990 waendesha mashtaka wa San Diego, Marekani, walipitia majalada 300 ya watu waliokabwa na wapenzi wao. Nusu hawakuwa na alama yoyote inayoonekana, na wengi wa waliobaki alama zao zilikuwa hafifu mno kupigwa picha. Uchunguzi mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa yuko kwenye hatari ya kuja kuuawa na mwenzi huyo zaidi ya mara 7 kuliko anayepigwa bila kukabwa. Nikiandika namba hiyo ubaoni nawaacha waitazame.

Ngozi zetu hazionyeshi wekundu kirahisi, kwa hiyo usisubiri wekundu. Uliza moja kwa moja: alikushika shingoni? Kwa mkono, kwa kiwiko, kwa kanga? Ulihisi giza? Ulijikojolea? Hilo la mwisho linauliziwa pembeni, na anayeuliza awe mwanamke kama yupo, maana ndilo jibu linalofichwa kuliko yote na ndilo linaloonyesha alikaribia wapi. Sikiliza sauti kama imekwaruza. Mpe maji uone kama anameza vizuri. Mulika ndani ya kope za macho, nyuma ya masikio, chini ya kidevu. Vidoa vidogo vyekundu huonekana huko hata kama shingo ni safi. Muuguzi huwaeleza kwamba koo linaweza kuvimba saa kadhaa baadaye, na mishipa ya damu ya shingoni inaweza kuwa imeumia bila dalili, hivyo mtu huyu anakwenda hospitali usiku huo huo hata akisema amepona. Mwenye hali mbaya anatibiwa kwanza, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, inafuata. Nasisitiza hilo kwa sababu bado kuna watu wanaosimamishwa dirishani wakiulizwa fomu huku wanakoroma.

Shingo ina mtego mwingine. Mtu anayekabwa kutokea nyuma anang'ata mkono unaomkaba. Akikabwa kwa mbele anakwaruza uso. Mkifika, mume ana alama za meno na makucha zinazovuja damu, mke hana kitu. Anayepelekwa mahabusu ni nani? Nimeona majalada ya namna hiyo. Kwa hiyo tunafundisha kulisoma jeraha: liko upande gani wa mkono, linaingia kutokea wapi, mwenye jeraha alikuwa amekaaje alipolipata. Sungusungu ni hodari kwa hili kuliko askari. Mtu aliyezoea kusoma kwato za ng'ombe walioibwa haoni taabu kuelewa jeraha la ndani ya kiwiko.

Baada ya hapo tunaingia kwenye maswali ya hatari. Muuguzi na mtafiti wa Marekani, Jacquelyn Campbell, alianza kuyakusanya miaka ya 1980 kwa kuangalia nini kilitangulia pale wanawake walipouawa na wenzi wao. Mwaka 2005 huko Maryland yakafupishwa kuwa maswali 11 ambayo askari anaweza kuyauliza akiwa mlangoni. Tulijaribu kuyachukua kama yalivyo, yakakwama mapema sana. Kule wanauliza bunduki. Huku bunduki ni chache, na ukiuliza panga, kila nyumba inalo. Jibu la ndiyo halikuambii kitu. Mama mmoja, mjumbe wa mtaa wa wavuvi, ndiye aliyetunyooshea swali. Alisema panga halina neno likiwa mahali pake. Mwulize kama siku hizi linalala mahali pasipo pake, chini ya mto, kwa mfano, au nyuma ya mlango wakati shamba halilimwi. Tukabadilisha. Tukaongeza dawa ya pamba na petroli, kwa sababu watu wametishiwa navyo, na wengine havikuishia kwenye vitisho. Yaliyobaki hayakuhitaji kubadilishwa: amewahi kusema atakuua, amewahi kusema atajiua, anakufuata unakokwenda, anasema mtoto si wake, umeondoka au umemwambia unataka kuondoka.

Hilo la kuondoka linawashtua washiriki. Ushauri wa mtaa siku zote ni "mwache arudi kwao apumzike." Kumbe siku anapofunga mzigo, na wiki zinazofuata, ndizo za kuogopwa zaidi. Simaanishi abaki. Namaanisha asiondoke kwa kutangaza, na asipelekwe mahali ambapo mume atafika kwa bodaboda ndani ya nusu saa. Kwao nako wakati mwingine mahari imeshaliwa, na baba anamrudisha kwa mkono wake mwenyewe kabla ng'ombe hawajadaiwa. Nyumba salama ni chache na ziko mbali. Kwa hiyo kila kundi kabla ya kuondoka linaandika majina ya nyumba halisi za mtaani kwao ambako mtu anaweza kulala usiku mmoja: kwa mama mwenye nyumba fulani mwenye geti, kwa masista, nyumbani kwa mjumbe kama mke wa mjumbe amekubali. Mke aulizwe. Wajumbe wengi hujitolea kwa niaba yake.

Swali linalokuja kila mara kutoka kwa askari ni hili: afande, tukimkamata si atarudi na hasira maradufu? Ni swali zuri na silijibu kwa kaulimbiu. Mwaka 1981 na 1982 polisi wa Minneapolis walijaribu jambo hilo kwa kipimo: kwa kesi ndogo za nyumbani, wengine walikamatwa, wengine waliondolewa nyumbani kwa saa chache, wengine walishauriwa. Lawrence Sherman na Richard Berk walipotoa matokeo mwaka 1984, waliokamatwa ndio waliorudia kwa uchache zaidi, na idara nyingi za polisi za Marekani zikabadilisha taratibu zao. Majaribio yalipofanywa upya kwenye miji mingine, picha ikavurugika. Milwaukee ilionekana kwamba kwa wanaume wasio na kazi kukamatwa kuliweza hata kuongeza vurugu baadaye. Mimi nachukua hivi: pingu hazimtibu mtu. Zinanunua usiku mmoja. Thamani ya usiku huo inategemea mnaufanyia nini, na vituo vingi huupoteza wote kwa kulala.

Usiku huo ni wa kukusanya ushahidi. Kila askari mchanga amewahi kuliona tukio hili: mume amewekwa ndani jana, asubuhi mke aliyevimba jicho anakuja kituoni na hotpoti. Chapati, maharage, chai ya maziwa. Vijana wa kaunta wanachekana. "Si tulisema? Wanapendana hawa." Mchana anaomba kufuta kesi, na wao wanaona wamepotezewa muda. Nawauliza darasani: nani analeta pesa ya chakula nyumba ile? Ada inalipwa na nani Januari? Mama mkwe amempigia simu mara ngapi tangu alfajiri, na amemwambia nini? Ile hotpoti ni bei anayolipa ili arudi nyumbani akaishi. Ukishalielewa hilo, huwezi tena kuijenga kesi juu ya mgongo wake peke yake. Unapiga picha chumba kilivyo kabla hakijafagiwa. Unachukua maelezo ya wapangaji wa vyumba vya pembeni wakiwa bado na usingizi na ukweli. Kesho watakuwa hawakusikia kitu. Unaandika maneno ya mume kama alivyoyasema, hasa yale anayoyasema kabla hajajua unaandika. Unahakikisha daktari amejaza PF3 kwa maandishi yanayosomeka. Mlalamikaji akirudi nyuma, jalada libaki limesimama.

Na dhamana. Ni haki ya mtuhumiwa na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni mke kujua mume ametoka kwa kumwona mlangoni. Simu moja kabla hajaachiwa, kwake au kwa mjumbe, inatosha. Wengi wa waliopitia mafunzo wanaipiga kwa salio lao, na nasema hili kwa wenye mafungu: semina moja ya hotelini ingelipia vocha za kituo kwa mwaka.

Wanaume waliopigwa wapo. Siku moja tulipokuwa tunajadili, mgambo mmoja alisimulia habari za jirani yake aliyemwagiwa mafuta ya kukaangia samaki, na darasa likaangua kicheko kabla hajamaliza. Aliendelea kusimulia hadi kicheko kikaisha chenyewe. Taratibu ni zile zile: mikono, sufuria, shingo, maswali. Sikuona haja ya kuongeza mada.

Kuna mada nyingine ambayo haiko kwenye ratiba lakini huja jioni, watu wakiwa wanakusanya vitabu. Anabaki mmoja, anakuja mezani. Wakati mwingine ni askari wa kike anayeishi kota za polisi, ambako ukuta ni mmoja na kila mtu anasikia, na hakuna anayegonga kwa sababu anayepiga ana cheo. Wakati mwingine ni mwanamume aliyeandika notsi nyingi kuliko wote, anauliza swali la "rafiki yangu mmoja". Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu wafikishe miaka 15. Hesabu hiyo haibaki nje ya geti la kituo, wala nje ya darasa langu. Kwa hiyo kota zina utaratibu wao ninaoupendekeza kwa wakuu wa vituo: mwito wa kota haupokelewi na wenzake wa zamu ile ile, unapelekwa kituo kingine. Wakuu wengine wameukubali. Wengine waliniambia mambo ya familia ya askari yanamalizwa kindani, nikawauliza tofauti yake na mjumbe tuliyemkanya jana ni ipi.

Kinachonikera zaidi siku hizi ni uhamisho. Unamfundisha konstebo, anaanza kuiva, anajua kuuliza shingo bila kumtisha mtu, kisha barua inakuja: anahamia usalama barabarani, mkoa mwingine. Anayeletwa ametoka chuoni Moshi juzi na hajui hata mtaa uko wapi. Silalamikii jeshi kuhamisha watu, nimehamishwa mwenyewe mara nyingi. Ila nimebadilisha mahali ninapoweka nguvu. Mama mwenye nyumba hahamishwi. Mjumbe hahamishwi labda afe. Na dereva wa bodaboda wa kijiwe cha zahanati ndiye anayembeba mtu saa nane usiku, mara nyingi kabla yeyote kati yetu hajapigiwa simu, na ndiye anayejua alipandia wapi, alikuwa na hali gani, na kama kuna pikipiki iliyowafuata nyuma.

Madereva hao ndio kundi langu lijalo. Wamekataa siku nzima, wanasema hesabu ya bosi haisubiri semina, kwa hiyo tutakutana kijiweni kwao alfajiri kabla abiria hawajaamka. Nimepunguza somo libaki na mambo machache: usimwulize kilichotokea, mwulize anapumuaje, usimpitishe njia ya mbele ya nyumba yake, ukimfikisha usiondoke mpaka mtu wa zamu amemwona kwa macho, nauli uje kuidai kwa mwenyekiti. Hilo la nauli mwenyekiti bado hajalikubali. Tunaendelea kuvutana.